Tundu la Keria

Mwalimu hakupenda neno "plagini". Wala hakupenda "programu-jalizi", ingawa ndilo lililomo vitabuni. Yeye alisema "kipachiko", yaani kipande kidogo unachokipachika kwenye kazi ya mwingine kuiongezea uwezo. Ukitumia neno jingine mbele yake alikuacha umalize maelezo yako yote, kisha akakuuliza kwa upole, "Umesema unatengeneza nini?" Angeuliza tena na tena mpaka urudi kwenye kipachiko. Miaka mingi nilidhani ule ni uzalendo wa lugha. Baadaye ndipo niliposikia kwamba neno "programu" lilikuwa linamshinda. Lilimtoka "plogramu", kama linavyomtoka baba yangu na nusu ya watu wa Geita, na siku moja, kabla mimi sijajiunga, darasa zima lilimcheka. Hakulitamka tena. Nilipoambiwa hayo nilimpenda zaidi, na leo naliweka hilo miongoni mwa makosa yangu.

Alitufundisha kutengeneza kurasa za mtandaoni katika chumba kimoja cha juu, Geita mjini. Chini yetu palikuwa na duka la pampu na mipira ya kuvutia maji mashimoni, na kila mteja alipojaribishiwa pampu, meza zetu zilitetemeka na vikombe vikahama. Mwalimu hakunyamaza kwa ajili ya pampu. Aliendelea kusema, tukamsoma midomo. Tulikuwa kumi na wawili, wengi tumetoka Shinyanga na Bukombe kufuata ndugu waliofuata dhahabu. Mtaani walijua kwamba huko juu watu wanafundishwa "kuandika kodi", na mzee mmoja mwenye nyumba za kupangisha aliwahi kupanda ngazi na daftari lake akitaka aandikiwe ya wapangaji wake. Mwalimu hakumcheka. Alimkalisha, akamfungulia ukurasa, akamwonyesha kodi yetu sisi, yaani maneno yaliyouumba ukurasa ule. Mzee alishuka akiwa na furaha, ingawa kodi yake haikuandikwa.

Jina lake silitaji. Simfichi kwa heshima, maana heshima yenyewe imebaki kidogo. Jina lake lina habari yake katika kisa hiki na nitaifikia.

Kazi aliyoipenda kuliko sisi ilikuwa maktaba yake. Haikuwa maktaba ya vitabu. Ilikuwa mkusanyo wa vipande vya ukurasa vilivyokwisha kutengenezwa: kisanduku cha kuchagua tarehe, orodha inayofunguka ukiigusa, sanduku la kutafutia majina. Badala ya kila mtu kuanza upya, ulichukua kipande cha Mwalimu ukakiweka kwenye ukurasa wako, kikafanya kazi. Aliiachia mtandaoni itumiwe na yeyote. Lakini kilichomtofautisha na mafundi wengine ni kwamba kila kipande alikiachia matundu. Ukitaka kisanduku cha tarehe kifanye jambo ambalo Mwalimu hakuliwaza, hukulazimika kukifumua. Ulitafuta tundu lake, ukapachika chako hapo, na kazi yake ikaendelea kama kawaida na yako juu yake.

Somo hili alilifundisha kwa baiskeli. Tulimsikia akigonga ngazi, tukadhani amebebwa na mtu, kumbe ameibeba yeye baiskeli yake mpaka juu, jasho linamtiririka. Akaipindua katikati ya chumba.

"Haina nini hii?" akauliza.

"Keria," tukajibu.

"Ina nini pale ambapo kelia ingekaa?"

Tukainama. Karibu na ekseli ya nyuma, kila upande, palikuwa na kitundu kidogo kisicho na kitu.

"Aliyetoboa hapa alikujua wewe?"

"Hapana, Mwalimu."

"Alijua kama utabeba mkaa, au ndizi, au mke wa mtu?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa akisema "kelia", mara kumi alisema "kelia", na siku ile wala hakujali. "Hakujua. Lakini alikuwaza. Alikaa kiwandani huko alikokuwa akasema, atakuja mtu nisiyemjua, na shida nisiyoijua, ngoja nimwachie tundu. Ninyi nanyi mwandikieni msiyemjua."

Niliandika maneno hayo kwenye jalada la daftari langu. Daftari bado ninalo, na jalada lile nimelichana.

Sasa, baiskeli ile. Kuna jambo tulilolijua sote na hakuna aliyelitia maanani. Ilinunuliwa ikiwa na keria. Mwalimu aliing'oa mwenyewe wiki ya kwanza, kwa spana ya kuazima pale chini dukani, kwa sababu alichoka kuombwa lifti. Mwenye duka alituhadithia na tukaona ni kichekesho tu cha mtu mzima anayependa kwenda peke yake. Alikuwa na mengi ya namna hiyo. Chupa yake ya chai aliifungia kabatini. Mfukoni alitembea na michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa ambavyo sisi tumelelewa navyo, akatafuna kimoja kimoja somo zima, na sikumbuki hata siku moja aliyonyosha mkono kumpa mtu. Mwenye kufundisha watu kumi na wawili kuachia matundu alikuwa na makufuli matatu kwenye mlango mmoja.

Ila kwa kazi alikuwa hana uchoyo, na hapo ndipo aliponipata. Angesoma ukurasa wako kwa sauti, mstari kwa mstari, kama anayesoma barua ya mwanawe. Akifika palipokosewa alirudia mstari ule polepole mpaka uone mwenyewe. Hakuwahi kukunyang'anya kibodi. Mara moja tu nilimwona amekasirika. Mwenzetu mmoja alitaka orodha ya Mwalimu iwe na rangi na mpangilio mwingine kwa ajili ya ukurasa wa mnunuzi wa dhahabu. Badala ya kutafuta tundu, akaifungua maktaba yenyewe akabadilisha ndani. Mwalimu alipoiona alisimama.

"Umepasua," alisema. "Tundu lilikuwapo, wewe umempasua mtu asiyeumwa. Kesho nikitoa toleo jipya, hiki chako kitaishia wapi?"

Alimtoa nje siku mbili. Tangu hapo "kupasua" likawa ndilo tusi kubwa chumbani mwetu. Mtu akivunja kikombe aliambiwa amepasua, na kila mmoja alijua maana yake ya pili.

Mimi nilipata kazi katika zahanati moja ya misheni, nje kidogo ya mji, upande wa kwendea Chato. Sista aliyeisimamia alitaka kuachana na madaftari ya wagonjwa, nami nikamtengenezea ukurasa wa mapokezi. Sanduku la kutafutia majina nililichukua kwa Mwalimu. Wiki ya kwanza likaanza kutusumbua. Wagonjwa wetu ni wakulima na wafugaji wa Kisukuma, na majina yao yamejaa ng'. Ng'wasi, Ng'washi, Ng'wandu, na mengine mengi. Sanduku halikuijua ile alama ndogo ya juu. Lilidhani ni uchafu, likaifuta na kuacha nafasi, na Ng'wasi akageuka watu wawili, mmoja Ng na mwingine Wasi. Isitoshe, alama yenyewe haiandikwi namna moja. Ya kompyuta imenyooka, ya simu imepinda, na nesi mwenye haraka haandiki yoyote. Mama mmoja alikuwa na mafaili matatu na hajapona hata kwa moja.

Nilimweleza Mwalimu. Alifunga darasa siku tatu akaja kukaa nami mapokezi, kwenye benchi la wagonjwa, akisikiliza majina yakitajwa.  Jioni ya tatu akaniambia, "Tundu lipo. Linaitwa kabla-ya-kutafuta. Kabla sanduku halijaanza kutafuta, linasimama na kuuliza kama kuna mtu ana neno. Sema neno lako hapo."

Nikaandika kipachiko changu cha kwanza. Kilichukua jina kama lilivyoandikwa, kwa alama iliyonyooka au iliyopinda au bila alama, kikajua kwamba yote ni jina moja, ndipo kikaliachia sanduku likatafute. Nilikiita Ng'ombe, kwa kuwa ndilo neno la kwanza nililolijaribu. Kwenye mashine ilinibidi niandike "ngombe" tu, maana majina ya vipachiko hayaruhusiwi kuwa na alama. Tulilicheka hilo.

Siku niliyokionyesha darasani, Mwalimu aliomba akae yeye kwenye kibodi. Hapa ndipo habari ya jina lake ilipo. Sisi tulilijua kama lilivyo kwenye mlango na kwenye vyeti alivyotutilia sahihi, jina fupi lisilo na tatizo. Kumbe silo. Karani wa ofisi yake ya kwanza alishindwa kuliandika, akakata mwanzo wake, na yeye akachoka kusahihisha akaliacha likatwe. Siku ile akaliandika lote, na ng' yake. Sanduku likalikubali. Alilitazama muda mrefu mpaka pampu ya chini ikawashwa na kuzimwa.

"Hiki ningekipata zamani," akasema, "ningebaki na jina langu."

Kisha akalifuta, herufi moja moja, akainuka. Nadhani hakuna aliyewahi kunisifu hivyo kabla yake wala baada yake. 

Ni siku ileile, au inayofuata, nilipomwuliza kama niunganishe ukurasa wa zahanati uchukue toleo jipya la maktaba wenyewe kila linapotoka, au nibaki na toleo tulilo nalo. Sikuwa na haja ya kuuliza. Nilitaka kusikia atakavyojibu.

"Chukua jipya siku zote," alisema. "Sitaziba tundu ambalo mtu amelipachikia kitu. Ndiyo ahadi pekee fundi anayoweza kumpa mtu asiyemjua. Na wewe nakujua."

Miaka miwili baadaye aliitwa Mwanza na kampuni inayotengeneza mifumo ya migodi. Waliipenda maktaba yake wakamtaka yeye pamoja nayo. Tulimfanyia chakula cha kumuaga, pilau na soda, mmoja wetu akalia. Baiskeli alimwachia mwenye duka la pampu, na kesho yake mwenye duka akaitia keria. Sikuona ubaya wowote katika kuondoka kwake. Nilijivuna nikawaambia manesi kwamba sanduku wanalotumia wao ndilo linalotumika na makampuni ya Mwanza.

Jumatatu moja nikiwa mapokezi akaja Mama Kulwa. Ni mama wa mapacha, Kulwa na Doto, anatoka mbali na hutembea kwa miguu kwa sababu pikipiki humtia kizunguzungu. Jina lake kwenye faili ni Ng'wasi. Ana presha, na dawa aliyoanza nayo ilimvimbisha miguu, ikabidi daktari ambadilishie. Yote hayo yaliandikwa. Nesi wa zamu akatafuta jina lake. Mashine ikajibu kwamba hakuna mgonjwa mwenye jina hilo.

"Umewahi kuja hapa, mama?"

"Mara tatu. Mmenipima, mmeniandika. Leo sipo?"

Nesi akatafuta tena, akamwuliza kama labda alitibiwa kwingine. Mama Kulwa akaanza kueleza ile dawa ya kwanza, Kisukuma na Kiswahili vikachanganyika, na nesi, aliyetoka Kilimanjaro na hakuelewa nusu yake, akamfungulia faili jipya kama mgeni. Akaandikiwa dawa ya kuanzia. Ile ile. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka pale, nimesikia kila kitu, na sikuinuka, kwa kuwa niliamini sanduku. Nilidhani mama anazeeka na kusahau.

Miguu ilimvimba akalala wiki nzima. Alipopata nafuu alikuja mara moja tu, hakuketi.

"Mashine yenu hainijui," aliniambia. Hakuwa na hasira. "Nitakwenda kwa wanaonijua."

Siku hizi huenda zahanati nyingine, inayomwongezea saa mbili za kutembea. Akipita barabarani mbele yetu hageuzi shingo. Mimi humwona dirishani.

Kwa wiki ile, hakuna ng' hata mmoja aliyepatikana. Nilikitazama kipachiko changu, hakikuwa na kosa. Nikaitazama maktaba. Toleo jipya lilikuwa limeshuka lenyewe asubuhi ya Jumatatu, kama nilivyoliunganisha, na tundu la kabla-ya-kutafuta halikuuliza tena kama kuna mtu ana neno. Wala halikulalamika kwamba kuna kitu kimepachikwa. Kama lingelalamika ningejua siku hiyohiyo. Sanduku lilikaa kimya likaendelea na kazi, likafuta alama kama lilivyofuta mwanzo.

Sista aliniita ofisini. Ni mpole, na upole wake ulinikata. "Uliniambia mwalimu wako ni mtu wa uhakika," alisema. "Nami nikawaambia wagonjwa."

Nikampigia Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Habari za huko?"

Nikamweleza. Akasema kampuni imeona matundu ni hatari. Mtu anaweza kupachika kitu kibaya kikaiba siri za wateja.

"Mimi nimepachika nini kibaya?"

"Sijasema wewe."

"Ungetuambia basi."

"Ningewaambia akina nani? Wanaotumia ni wengi, siwajui."

"Sisi tuko kumi na wawili, Mwalimu. Unatujua wote."

"Nilidhani," alisema, "wewe umeshaacha kukitumia."

Nilitaka kumwamini. Hilo naliona aibu kulikiri, lakini nilishika simu ile baada ya yeye kukata na nikamtafutia udhuru. Mtu ameajiriwa, anaamriwa, ana mambo mengi, amesahau. Kusahau kungeniuma na kungepona.

Lakini maktaba kama ile haifichi. Kila mstari ulioongezwa au kuondolewa umewekewa kumbukumbu yake, siku, saa na aliyefanya, na yeyote anaweza kusoma. Nikasoma. Tundu halikuwa limezibwa. Lilikuwa limewekewa mlinzi. Sanduku bado linasimama kabla ya kutafuta, bado linauliza, ila sasa linauliza kwa orodha: vipachiko vilivyoruhusiwa ni hivi, vingine visisikilizwe. Orodha ilikuwa ya vipachiko sita, vyote vyake mwenyewe. Namna ilivyoandikwa niliitambua, maana Mwalimu huacha nafasi kabla ya mabano, tabia aliyotukataza sisi.

Nikarudi nyuma hatua moja kwenye kumbukumbu. Asubuhi ya siku aliyoiandika, orodha ilikuwa na vipachiko saba. Cha saba kilikuwa "ngombe".

Alikikumbuka. Alipokaa kuandika orodha ya wanaostahili kusikilizwa, alinikumbuka, akaniandika kwa mkono wake. Mchana wa siku hiyohiyo akarudi akautoa mstari ule mmoja peke yake. Mstari uliotolewa huonyeshwa kwa rangi nyekundu na alama ya kutoa mwanzoni. Kando yake fundi hutakiwa kueleza kwa kifupi kwa nini. Aliandika: "Naondoa visivyo vya lazima."

Kipande kile nilikisoma mara nyingi sana. Nilikisoma nikiwa kazini, nikiwa kanisani nimeficha simu chini ya kitabu cha nyimbo. Pengine alisukumwa. Pengine kiongozi fulani alimwuliza hiki cha saba ni cha nani, ni cha nini, na yeye akaona haya kueleza habari za ng' mbele ya watu waliovaa tai, kama alivyoona haya ya "plogramu". Nimeifikiria sana hiyo na inaweza kuwa kweli. Hainipunguzii kitu. Mama Kulwa naye alitiwa haya mapokezi, na bado alitembea kuja kuniambia usoni.

Nilichofanya ndicho alichotufundisha tusifanye. Nilichukua maktaba, nikaikata mawasiliano na Mwanza isipokee toleo jipya tena, nikaifungua ndani. Nikamtoa mlinzi. Nikaiandika ng' humo humo katikati ya kazi yake, mahali ambapo hapakuwa na tundu. Nilipasua. Sikuogopa kuharibu. Nilikuwa bado namwogopa yeye.

Majina yakarudi. Mama Kulwa hakurudi.

Karibu miaka miwili ikapita bila kuonana. Wenzangu walinipa habari zake, kwamba amenenepa, kwamba hutoa semina na bado anabeba baiskeli, nyingine sasa, jukwaani. Nilipoambiwa habari ya baiskeli niliondoka mezani.

Kisha Mwalimu akaja mwenyewe. Ilikuwa alasiri, watu wamepungua, nesi amekwenda kula, mimi ndiye niliyekaa mapokezi. Aliingia amemshika mkono bibi mmoja mwembamba, amejifunga kanga kichwani, anatembea akihesabu hatua. Nilimtambua kabla hajaniona. Nilianza na bibi, nikamsalimu kwa Kisukuma na kumwita mayu, mama.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, ng'wana wane," bibi akajibu, na uso ukamfunguka kwa kusikia lugha yake.

Shikamoo ya Mwalimu ilichelewa kunitoka. Ilitoka. Akaipokea, akasema, "Kumbe bado uko hapa, binti." Akanieleza kwamba huyu ni mama yake, anaishi kwa binti yake huku Geita, amezidiwa na presha, na yeye amekuja kumwona. Amewahi kutibiwa hapa, alisema, miaka ya nyuma. Akalitaja jina la mama. Nalo silitaji, maana linaanza kama la mwanawe. Nilipoweka vidole kwenye kibodi, akainama kwenye dirisha la mapokezi akapunguza sauti.

"Ila mfungulie faili jipya tu. Andika bila kale kalama ka katikati. Ukiandika nako halitaonekana."

Nikaacha kuandika.

"Umejuaje kwamba halitaonekana?"

 Mkono uliomshika mama yake ulihama ukashika ukingo wa dirisha. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya siku hiyo kwa miaka miwili, nimeyapanga, nimeyanoa, nayo hayakuwa na kazi tena. Alikuwa anajua. Alijua ni majina gani yaliyopotea, na alipokitoa kipachiko changu kwenye orodha alijua kwamba mojawapo ni la mama yake. Alikuwa amekwisha kumtafutia njia ya pembeni.

"Faili jipya la nini?" akauliza bibi, ambaye masikio yake yalikuwa mazima. "La zamani limekufa?"

"Halijafa, mayu," nikamwambia. "Tamka jina lako mwenyewe."

Akalitamka, lote, kwa ile sauti ya puani ambayo wageni wetu hawaiwezi. Nikaliandika na alama yake. Faili likafunguka: presha yake ya mara ya kwanza, ya pili, dawa, mzio, jina la kijiji. Niligeuza kioo ili waone wote wawili. Bibi alitikisa kichwa kwa kuridhika kana kwamba hakutegemea kingine.

Mwalimu alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Macho yake yalikuwa yakitembea, nami nilijua anasoma nini, si faili. Alikuwa anatafuta tundu.

"Umepitia wapi?" akauliza.

"Sikupita. Nimepasua."

Nilidhani atakasirika, na naweza kusema nilitamani akasirike. Alitikisa kichwa tu, taratibu, akatia mkono mfukoni. Akatoa mchembe akautazama. Akaurudisha.

Fomu ilibaki na nafasi moja, ya aliyemleta mgonjwa. Nikamwuliza jina lake, kama ninavyomwuliza kila mtu. Akanipa lile fupi, la mlangoni, la kwenye cheti changu.

"Unaliandikaje?" nikauliza.

Akatazama fomu, si mimi.  Mama yake alimgeukia, akamtazama kama mtu anayemwona mtoto amesahau kusalimu wageni, kisha akanigeukia mimi akalitaja kwa niaba yake, polepole ili nisikosee, kuanzia mwanzo.

Nikaliandika kama alivyolitaja mama yake. Sanduku la Mwalimu likalikubali.